Biscuit ana pasipoti, Simba hakuwa hata na chanjo

Mbwa wetu wa ushago ana pasipoti. Mimi sina.

Si mzaha. Ni kijitabu cha buluu cha Umoja wa Ulaya, kina jina lake, rangi yake, tarehe za sindano zake zote, na namba ya tarakimu 15 ya kile kidude kidogo kilichowekwa chini ya ngozi ya shingo yake. Alizaliwa mtaani Romania, akalelewa Uingereza, akaja Nairobi kwa ndege, na sasa analala chini ya mwembe wa Susu wangu, Migwani, huku akiogopa kuku. Anaitwa Biscuit. Susu anamwita Mbisikuti, na mpaka leo anauliza ni watu wa aina gani hao wanaompa ngiti jina la kitu cha kunywea chai.

Nimeposti video zake mara kadhaa na mmezipenda sana. Wengi mmeniuliza swali moja: mtu akitaka kuasili mbwa wa kuokolewa kutoka nje, afanye nini, na amtunzeje akifika huku kwetu? Leo nitajibu. Lakini kuna mbwa mwingine huonekana nyuma kwenye zile video. Hudhurungi, mbavu nje kidogo, sikio moja limechanika. Hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza jina lake.

Aliitwa Simba. Posti hii ni yake.

Tuanze na Biscuit, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyoanza.

Romania ina mbwa wengi wa mitaani. Mwaka 2013 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyoruhusu mbwa aliyekamatwa auawe kama hajachukuliwa na mtu ndani ya siku 14 za kazi. Tangu hapo watu wa Uingereza na Ujerumani wamekuwa wakiwachukua mbwa hao kwa wingi. Biscuit alikuwa mmoja wao. Mwanamke aliyemchukua alikuja baadaye kufanya kazi Nairobi kwenye shirika la misaada, na akaja naye. Kumwingiza Kenya kulihitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa serikali ya kule atokako. Yote alikuwa nayo. Anti yangu ndiye aliyekuwa akifanya kazi kwenye ile nyumba, kwa hivyo yeye ndiye aliyekuwa akimlisha Biscuit, kumwogesha na kumtembeza jioni.

Mnakumbuka mwanzo wa 2025, misaada ya Marekani ilipokatwa? Mashirika mengi yalifunga ofisi, watu wakaambiwa kazi imeisha. Yule mama alipewa wiki chache kuhama. Akaanza kutafuta namna ya kurudi na mbwa wake Uingereza, na hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sikuwahi kufikiria.

Mbwa anayetoka Kenya kwenda Uingereza au Umoja wa Ulaya lazima apimwe damu ionekane kama chanjo ya kichaa imemshika. Damu itolewe siku 30 au zaidi baada ya chanjo. Majibu yakiwa mazuri, anasubiri tena miezi mitatu tangu siku ile damu ilipotolewa. Ukijumlisha ni kama miezi minne. Angepimwa kabla ya kutoka Uingereza, na chanjo zake zisikatike, ule muda wa kusubiri usingekuwepo. Lakini hakupimwa. Nani hufikiria safari ya kurudi akiwa anakwenda?

Marekani nayo mwaka 2021 ilisimamisha kwa muda kuingiza mbwa kutoka nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, na tangu Agosti 2024 imeweka masharti mapya, makali. Kenya imo kwenye orodha hiyo ya nchi hatari.

Niliposikia hivyo nilikasirika, niseme tu ukweli. Nikaona ni dharau ile ile ya viza, sasa imefika hadi kwa mbwa. Manze, mbwa wa mzungu amekaa Lavington miaka miwili, analala kwenye zulia, ghafla ni hatari kwa sababu amepumua hewa yetu? Nikaandika maneno makali kuhusu jambo hilo. Nisubiri kidogo, nitarudi hapo.

Anti akaachiwa mbwa, gunia la chakula, kamba, ile pasipoti, na pesa kidogo za matunzo. Keja yake iko Umoja, chumba kimoja, na kwenye geti kuna kibao cha landilodi kinachokataza mbwa. Akanipigia simu. Nilifikiria dakika tano tu. Nikasema tumpeleke kwa Susu.

Usijaribu kupanda matatu na mbwa. Makanga wa kwanza alicheka, wa pili alitaka nimlipie viti viwili na nimfunge mdomo, wa tatu akaniuliza kama nimepotea. Mwisho tulichanga doh ya probox. Tukatoka Thika, tukaishika barabara ya Garissa, na tulipokaribia Mwingi tukakata kulia kuelekea Migwani, Biscuit akiwa ametoa kichwa dirishani kama mbunge.

Simba alitupokea getini. Nilitarajia vita. Simba alimnusa mbele, akamnusa nyuma, akamzunguka mara moja, kisha akageuka akaenda zake kulala kivulini. Susu akasema, "Amemwona ni mgeni. Mgeni hapigwi siku ya kwanza."

Basi nikaanza kazi ya kumtunza mbwa wa kigeni ukambani, na kwa wale mlioniuliza, haya ndiyo niliyojifunza.

Kupe ndio adui wa kila siku. Mbwa aliyekulia hapa ameumwa na kupe tangu utotoni, na mwili wake mara nyingi umejifunza kupambana na magonjwa yao. Mbwa aliyetoka nchi ya baridi hana mazoea hayo. Homa ya kupe inaweza kumwangusha kwa siku chache: hali, ufizi unakuwa mweupe, mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilimvisha kola ya dawa, na kila jioni binamu yangu anampekua masikio, kwapa na katikati ya vidole.

Pili ni jua. Migwani saa nane mchana si saa ya kumtembeza mbwa mwenye manyoya mengi. Maji yawepo kila wakati, na hapa maji si ya mchezo, yanaletwa na punda. Susu alinitazama nikimwaga bakuli zima la maji safi eti limeingia vumbi, akanyamaza. Sikurudia.

Tatu ni nyoka. Kifutu hulala njiani jioni bila kusogea, na mbwa asiyemjua atakwenda kumnusa. Hapa mwalimu wake alikuwa Simba. Nimemwona kwa macho yangu akimzuia Biscuit kwa bega, akibweka kwenye kichaka mpaka binamu alipofika na fimbo ndefu.

Nne ni majirani. Mbwa mgeni akikimbiza mbuzi wa mtu mara moja, utasamehewa. Mara ya pili ataokotewa nyama yenye sumu. Tulimfunga kamba mwezi mzima mpaka akazoea mbuzi na mbuzi wakamzoea.

Nilikuwa najiona fiti sana. Mlezi bora wa mwaka. Nilituma pesa kila mwezi za Biscuit peke yake.

Aprili chanjo yake ya kichaa ilikuwa inakaribia kuisha, nikasafiri kwenda kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Tulikwenda kwa miguu hadi sokoni, na Simba, kama kawaida yake, akatufuata bila kuitwa. Daktari alifungua ile pasipoti, akaisoma kurasa zote akitabasamu, akamdunga Biscuit sindano. Kisha akamtazama Simba aliyekuwa amelala mlangoni.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa nyumbani tu," nikasema.

"Amewahi kuchanjwa?"

Sikujua. Nilimpigia Susu, naye akasema labda wakati ule watu wa serikali walipopita, lakini huyo alikuwa mbwa mwingine aliyeitwa pia Simba. Daktari akasema ni shilingi mia tatu, ammalize hapo hapo. Nilikuwa na mia nne mfukoni. Mia ya boda, na mia tatu ambazo nilikuwa nimepanga kumnunulia Biscuit sabuni yake maalum ya ngozi.

Nikasema, "Tutamleta siku nyingine, daktari."

Simba alikuwa ananitazama. Sisemi alielewa. Nasema tu alikuwa ananitazama.

Julai, alfajiri, mbwa asiyejulikana aliingia uwanjani kwa Susu. Binamu anasema hakuwa anatoa povu kama tunavyoona kwenye filamu. Alikuwa anatembea kama mlevi, taya limelegea, sauti imekauka. Mtoto wa binamu, ana miaka sita, alikuwa anatoka kwenda chooni. Mbwa akamrukia. Jino lilimkwaruza mguuni kabla Simba hajafika.

Simba alipigana naye mpaka wanaume wakatoka na fimbo. Biscuit mwenye pasipoti alikuwa chini ya kitanda cha Susu. Simlaumu, kila mtu na kipaji chake. Lakini baada ya vita alitoka akaenda kulamba vidonda vya Simba, kwa hivyo naye akaingia kwenye hesabu.

Binamu alifanya kitu kimoja sahihi kabisa, na nakuomba ukikariri kama namba yako ya simu. Aliuosha ule mguu wa mtoto kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Hakupaka majivu, hakupaka mafuta ya taa, hakuufunga kwa kitambaa. Kisha akapanda boda na mtoto kwenda hospitali. Ya kwanza chanjo ilikuwa imeisha. Ya pili ilikuwepo. Mtoto alidungwa siku ile ile, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Hakukosa hata moja. Leo anacheza mpira, na anawaonyesha wenzake kovu kama medali.

Daktari wa mifugo alikuja mchana. Yule mbwa mgeni alikuwa ameshauawa, na daktari akashukuru kwamba kichwa hakikupondwa, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa, na maabara kuu ya mifugo iko Kabete. Majibu yakaja baadaye. Kichaa cha mbwa.

Kisha akatuelezea kuhusu mbwa wetu wawili. Biscuit ana chanjo hai, karatasi zipo: adungwe sindano ya kuongezea nguvu leo, afungwe na kuchunguzwa kwa siku 45. Basi. Simba hana chanjo, na ameng'atwa shingoni na usoni. Kwake kulikuwa na njia mbili. Kumfungia peke yake kwa miezi kadhaa mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama anayemfikia, au kumlaza.

Susu anaishi na wajukuu wanne. Nyumba haina ukuta, ina ua wa miiba. Nani angemfungia Simba miezi hiyo yote, wapi, na nani angemlisha?

Nilikuwa kwenye simu, Nairobi, wanasubiri niseme. Eti mimi ndiye mtaalamu wa mbwa katika familia. Nilisema alazwe. Binamu alimshika kichwa. Susu aliingia ndani, akafunga mlango, na jioni ile hakupika.

Shilingi mia tatu.

Nilisema nitarudi kwenye hasira yangu kuhusu ile orodha ya nchi hatari. Nimerudi. Bado naamini wakubwa wa dunia wanaringa. Lakini nilisoma, na nikaona kwamba orodha hiyo haimsemi Biscuit. Inawasema akina Simba. Inasema kwamba huku kwetu mbwa wengi hawajachanjwa, na hilo, buda, ni kweli.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja. Chanjo ilikuwepo hata kabla ya hapo, Louis Pasteur aliijaribu kwa mtoto mwaka 1885. Na bado Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na katika visa 99 kati ya 100 mleta ugonjwa ni mbwa. Wanne kati ya kila kumi wanaong'atwa na mbwa wanaoshukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa binadamu, hakuna tiba, unasubiri tu mazishi. Ugonjwa unaozuilika kabisa, na unaoua karibu kila anayeanza kuuonyesha.

Mwaka 2014 serikali ilitoa mpango wa kukimaliza kichaa cha mbwa kinachoua watu ifikapo 2030, na Kitui na Makueni ni kati ya kaunti zilizochaguliwa kuanza nazo. Hesabu yenyewe ni rahisi: ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Hauhitaji wote. Unahitaji 70.

Sasa angalia boma letu. Mbwa wawili, mmoja kachanjwa. Hiyo ni 50 kwa 100. Mimi nilifeli hata kwenye boma la mbwa wawili.

Kwa hivyo jibu langu kwa wote mlioniuliza jinsi ya kumlinda mbwa kutoka ng'ambo ni hili. Kola ya kupe, sawa. Kivuli na maji, sawa. Karatasi, kidude cha shingoni, damu kupimwa kabla ya safari, yote sawa. Lakini usalama wa mbwa wako hauko kwenye pasipoti yake. Uko kwenye mbwa wa jirani, yule ambaye hakuna anayejua mwenyewe ni nani. Ukimleta mbwa mahali, umeleta pia deni: kila mbwa anayekutana naye sasa ni shughuli yako. Ukiwa na pesa ya sabuni maalum, una pesa ya sindano ya mbwa wa pili.

Na kama bado hujamchukua mbwa, nikuulize: kwa nini wa kutoka nje? Si vibaya, Biscuit nampenda. Lakini KSPCA wako pale Langata Road, shirika lilianza 1910, na wana mbwa wanaosubiri nyumba leo hii. Unakumbuka kisa cha 2005? Mtoto mchanga alitupwa kwenye mfuko karibu na Msitu wa Ngong, na mbwa jike wa mtaani, asiye na jina, akambeba akamlaza na watoto wake. Mtoto akaishi. Dunia nzima iliandika habari zake. KSPCA wakamchukua yule mbwa na kumpa jina la Mkombozi. Kabla ya siku hiyo alikuwa "huyu ni wa nyumbani tu." Hata chini ya hapo.

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na siku za karibu na hapo chanjo za bure hutolewa sehemu nyingi. Mwaka huu nilichukua siku tatu za likizo nikaenda Migwani. Mimi, binamu, na yule mtoto mwenye kovu tulipita boma kwa boma tukiomba mbwa. Wengine walitucheka. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekosa kazi Nairobi. Lakini mama mmoja alisikia ni habari ya mbwa wa Susu, akaenda mwenyewe nyuma ya ghala akatoa wawili.

Tulifika sokoni na mbwa 11, wamefungwa kwa kamba za mbuzi, kelele kama stendi ya Mwingi siku ya Krismasi. Daktari alinitambua. Akadunga wote, akaandika vyeti kumi na moja vya karatasi ya manjano. Kwenye kila kimoja aliuliza jina la mbwa, na nusu yao hawakuwa na jina, ikabidi tuwape papo hapo, tukiwa kwenye foleni.

Wa mwisho alikuwa mtoto wa mbwa wa miezi minne ambaye binamu amemletea Susu. Hudhurungi. Daktari akauliza anaitwaje.

Susu alikuwa ameshatuambia kabla hatujatoka nyumbani. Kwake, mbwa wa boma ana jina moja tu.

"Andika Simba," nikasema, na nikatoa mia tatu. Daktari akanikumbusha kwamba leo ni bure.